Pikapu ngumu inavyoweza kulainishwa bila kupoteza uwezo wa kubeba

PIKAPU za kazi, hususan Toyota Land Cruiser na Toyota Hilux, zimejijengea heshima kubwa katika barabara mbovu za Afrika Mashariki. Heshima hiyo huandamana na lawama moja isiyokwisha: zikiwa tupu humrusha dereva na abiria wake katika kila tuta na kila shimo.

Kwa mkazi wa mjini anayeitumia pikapu kwenda kazini siku tano na shambani siku moja, adha hiyo humfikisha gereji akiwa na ombi moja tu, kwamba gari lipunguzwe ugumu. Mara nyingi jibu la haraka huwa ni kuchomoa bamba moja au mawili katika springi za nyuma. Kazi hiyo humalizika kwa saa chache na kwa fedha kidogo, lakini ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Makala haya yanaeleza chanzo cha ugumu huo na hatua za kuupunguza kwa mpangilio, kuanzia zisizo na gharama hadi zile zinazogusa muundo wa gari.

Chanzo cha ugumu

Pikapu ya kazi hutengenezwa kubeba takriban tani moja. Springi zake za nyuma, ambazo ni mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa tabaka, hupewa nguvu ya kuhimili mzigo huo wote siku ambayo gari limejaa. Siku ambayo gari ni tupu, springi hizo hizo hubeba bodi peke yake, na kwa sababu hiyo hujikunja kidogo sana.

Kasi ambayo gari huruka juu na kushuka hutegemea mambo mawili, yaani ugumu wa springi na uzito unaokaa juu yake. Uzito ukiongezeka, mruko huwa wa polepole na mwili wa binadamu huuvumilia vizuri zaidi. Tuchukue mfano wa pikapu ambayo springi zake za nyuma hubeba kilo 600 ikiwa tupu. Ikiongezwa mzigo wa kilo 900 juu ya ekseli ya nyuma, kasi ya mruko wake hupungua kwa zaidi ya theluthi moja, ingawa springi ni zile zile. Ndiyo maana madereva husema pikapu hutulia ikipata mzigo.

Sababu ya pili ni msuguano. Mabamba ya springi hulaliana, na ili springi ijikunje sharti mabamba hayo yateleze moja juu ya jingine. Mtikisiko ukiwa mdogo, nguvu yake haitoshi kuushinda msuguano huo, hivyo springi hukaa kama kipande kimoja cha chuma na mtikisiko wote hupanda hadi kwenye kiti. Kutu na mchanga vikiingia kati ya mabamba, hali huwa mbaya zaidi.

Watengenezaji wenyewe wamekuwa wakilishughulikia tatizo hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1999 Toyota ilianza kuweka springi za koili mbele ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, lakini nyuma ya pikapu iliacha mabamba. Katika Hilux ya mwaka 2015, mabamba ya nyuma yalirefushwa, kwa kuwa bamba refu hujikunja kwa urahisi kuliko fupi lenye unene ule ule.

Si suala la anasa

Mtikisiko wa gari si kero ya starehe pekee. Mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini inayojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ni malalamiko ya kawaida miongoni mwa watu wanaoendesha magari mazito kwa miaka mingi.

Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2002 agizo linalowataka waajiri kuchukua hatua pale mtikisiko unaompata mfanyakazi katika siku ya saa 8 unapofikia mita 0.5 kwa sekunde mraba, na kutouruhusu kuvuka mita 1.15.

Aidha, usalama wenyewe unahusika. Gurudumu linalorukaruka juu ya barabara yenye mikunjo kama ya bati huwa haligusi ardhi muda wote. Katika nukta hiyo halishiki breki wala halifuati usukani. Pikapu tupu, ambayo nyuma yake ni nyepesi, huweza kuteleza ubavu katika kona ya barabara ya changarawe hata kwa mwendo ambao dereva anauona kuwa wa kawaida.

Hatua ya kwanza: upepo wa matairi

Tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, na ndiyo pekee inayoweza kurekebishwa bila spana. Matairi ya pikapu yana kuta nene zilizokusudiwa kubeba mzigo, na yakijazwa kupita kiasi huwa magumu kama mpira uliokaza.

Kosa la kawaida ni kuyajaza matairi ya nyuma kwa ajili ya safari ya mzigo, kisha kuyaacha na upepo huo huo gari linaporudi tupu mjini. Kibandiko kilichopo kwenye mlango au nguzo ya upande wa dereva hutaja upepo unaotakiwa, na katika pikapu nyingi hutenganisha kiwango cha gari tupu na kile cha gari lililojaa. Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata joto upepo hupanda na kipimo hudanganya. Haifai kulipunguzia upepo tairi lenye joto ili kufikia kiwango cha kwenye kibandiko.

Katika safari ndefu ya barabara ya vumbi, kupunguza takriban robo ya upepo huleta nafuu kubwa, mradi gari halijajaa na mwendo hauzidi kilomita 80 kwa saa. Sharti lake ni kwamba upepo urudishwe mara gari linapofika lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hujikunja mno, hupata joto na huweza kupasuka. Asiye na pampu ndani ya gari ni bora asilijaribu jambo hili.

Hatua ya pili: kukagua kilichochakaa

Kabla ya kununua chochote, fundi aingie chini ya gari. Springi za mabamba hushikwa na bushi za mpira katika ncha zake. Bushi zikikauka au kuisha, chuma hugonga chuma, na mlio huo hudhaniwa kuwa ni ugumu wa springi. Vivyo hivyo kwa vipande vya mpira vilivyoko kati ya kabini na chasisi, ambavyo husahaulika kwa miaka mingi.

Mabamba yenye kutu yanaweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa tena, yakiwekewa vipande vya plastiki ngumu katika ncha ili yateleze. Kuyapaka grisi katika mazingira ya vumbi hakushauriwi, kwani grisi hunasa mchanga na mchanganyiko huo huyala mabamba kama msasa.

Uzito nao uangaliwe. Baadhi ya wenye pikapu huweka mifuko ya mchanga nyuma ili gari litulie. Njia hiyo inafanya kazi kwa sababu iliyoelezwa awali, lakini huongeza matumizi ya mafuta. Mifuko hiyo ilazwe kati ya kabini na ekseli ya nyuma na ifungwe imara, kwani mfuko usiofungwa huruka kuelekea kabini gari likigonga.

Hatua ya tatu: shokapu

Shokapu, ambazo wengine huziita shokomzoba, hazibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuuzuia mruko usiendelee. Ndani yake pistoni hupita katika mafuta kupitia matundu madogo, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Katika barabara ya mikunjo joto hilo huongezeka, mafuta hutoa povu, na shokapu hupoteza nguvu hadi ipoe. Zilizojazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo hupunguza povu hilo.

Jaribio la kuukandamiza ubavu wa gari kwa mikono, ambalo hutumika kwa magari madogo, halisaidii sana kwa pikapu, kwa kuwa springi zake ni ngumu mno kwa nguvu za mtu. Dalili za kutegemewa ni mafuta yanayochuruzika kwenye mwili wa shokapu, tairi lililolika kwa mabonde mabonde, na gari linaloendelea kuyumba baada ya tuta.

Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja katika ekseli moja. Mnunuzi aelewe kuwa shokapu inayotangazwa kuwa ni ya kazi nzito si lazima iwe laini. Iliyotengenezwa kwa ajili ya gari linalobeba mzigo muda wote huifanya pikapu tupu kuwa ngumu zaidi.

Hatua ya mwisho: springi zenyewe

Hapa ndipo penye majaribu ya kuchomoa mabamba. Mtu anayelifikiria jambo hilo hana budi kufahamu kwamba springi ya mabamba ina kazi mbili. Hubeba uzito, na papo hapo huishika ekseli mahali pake. Bamba likichomolewa, yaliyobaki hubeba mzigo wake na huchoka mapema. Bamba kuu likikatika njiani, ekseli husogea upande mmoja na gari hujiendesha kuelekea asikotaka dereva.

Tena, bamba la chini kabisa, lile nene na lililonyooka, katika pikapu nyingi huanza kufanya kazi pale tu mzigo unapokuwa mkubwa. Gari likiwa tupu halibebi kitu. Kulichomoa hilo, kama inavyofanyika mara nyingi kwa kuwa ndilo jepesi kufikika, hakuleti ulaini wowote wa maana mjini, bali huondoa kinga ya siku ya mzigo.

Kuna pia suala la breki. Baadhi ya pikapu zina vali inayopima umbali kati ya ekseli ya nyuma na chasisi, kisha kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Gari likishushwa kwa kupunguza mabamba, vali hiyo hudhani kuna mzigo na kuzidisha breki za nyuma, ambazo huweza kufunga magurudumu gari likiwa tupu. Likiinuliwa, breki za nyuma hupungua. Kila mabadiliko ya kimo yafuatwe na marekebisho ya vali hiyo.

Njia iliyo salama zaidi ni kununua seti kamili ya springi iliyotengenezwa kwa uzito ambao gari hubeba kwa kawaida. Zipo zenye mabamba machache yaliyo manene katikati na membamba kwenye ncha, ambayo hugusana katikati na nchani pekee, hivyo msuguano wake ni mdogo. Wapo pia wanaoweka springi nyepesi pamoja na mifuko ya hewa inayojazwa siku ya mzigo. Mifuko hiyo husaidia, lakini huukusanya uzito katika sehemu moja ya chasisi, na imewahi kupinda chasisi za pikapu zilizozidishiwa mzigo.

Kwa Hilux zilizotoka kati ya mwaka 1997 na 2004 zenye fito za chuma zinazojipinda mbele badala ya springi, tabia ya kuzikaza fito hizo ili gari liinuke huondoa nafasi ya gurudumu kushuka shimoni. Kuzirudisha katika kimo cha kiwandani hutosha kuleta nafuu bila kununua kifaa.

Mwenye gari ndiye mizani

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inahusu magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo, na kwa sababu hiyo hupita bila kupimwa. Pikapu iliyochomolewa mabamba mjini siku ya Jumatatu inaweza kupakiwa magunia siku ya Jumamosi na isikutane na mtu wa kuizuia njiani.

Kwa hiyo kabla ya kuidhinisha kazi yoyote kwenye springi, mwenye gari aandike uzito mkubwa kuliko wote atakaobeba kwa mwaka, pamoja na abiria, na ampe fundi takwimu hiyo. Kama uzito huo unakaribia tani moja, springi za kiwandani ziachwe zilivyo, na ulaini utafutwe katika matairi, bushi, shokapu na kiti. Kama gari halibebi zaidi ya kilo mia tatu au nne, springi nyepesi zina mantiki, mradi uwezo huo mpya uandikwe ndani ya kabini ambapo kila dereva atakayekabidhiwa ufunguo ataweza kuusoma.