Kuona na Kuonekana: Taa ya Baskeli Usiku wa Mama Ngina

Mtu wa Mombasa akikwambia "twende Lighthouse", hamaanishi mnara. Amaanisha barabara nzima ya Mama Ngina, ile inayofuata ukingo wa kisiwa kutoka upande wa feri ya Likoni hadi Ras Serani: mibuyu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli zinazoingia Kilindini karibu kiasi kwamba waweza kusoma jina lake ukiwa umekaa ukutani. Wakoloni waliiita Azania Drive. Baada ya uhuru ikapewa jina la Mama Ngina Kenyatta. Mwaka 2019 serikali ikaijenga upya kuwa bustani ya kisasa. Vibao vimebadilika, lakini mtaani bado ni Lighthouse.

Nalipenda jina hilo, kwa sababu taa za Ras Serani zinafundisha jambo ambalo wanunuzi wengi wa taa za baskeli hulipita. Taa zile hazimmulikii baharia. Hazimwonyeshi mwamba wala mkondo. Ziko mbili, moja mbele na nyingine nyuma yake; nahodha akiziona zimelingana, anajua chombo chake kimo kwenye mkondo salama. Yaani kazi yao yote ni kuonekana. Taa ya kumulika ni kitu kingine kabisa, na Kiswahili kimeviweka vyote viwili kwenye mzizi mmoja: kuona, kuonekana.

Mimi huendesha usiku mara nyingi, kwa hiyo nilianza kuuliza: taa ya baskeli ilibuniwa kwa lipi kati ya hayo mawili? Jibu lanipeleka mbali kidogo na pwani, lakini tutarudi.

Miaka ya mwisho ya 1870, huko Birmingham, Uingereza, Joseph Lucas alianza kuuza taa ya mafuta iliyoitwa King of the Road. Baskeli za wakati huo zilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele, na taa ilining'inizwa ndani ya gurudumu lenyewe, kwenye ekseli. Mafuta, utambi, moshi. Nuru yake si tofauti sana na ya koroboi. Miaka ya 1890 ikaja taa ya kabaidi: maji juu, mawe ya kabaidi chini, tone likianguka gesi ya asetilini inatoka na kuwaka. Ni gesi ileile ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma wanaitumia mpaka leo. Ilinuka, ilihitaji kusafishwa kila mara, lakini ilimulika kweli. Kwa mara ya kwanza mwendeshaji aliliona shimo kabla ya kuingia.

Katikati ya hadithi hiyo ikaingia sheria. Mwaka 1888 bunge la Uingereza lilitamka kwamba baskeli ni chombo cha barabarani kama gari la farasi, na kwamba iwe na taa kuanzia saa moja baada ya jua kuzama. Hebu ipime kanuni hiyo kwa saa za kwetu. Kiangazi cha Uingereza, saa moja baada ya machweo bado kuna mwanga angani. Mombasa jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Saa moja baada ya magharibi ni karibu adhana ya isha: ni usiku mtupu. Kule, majira ya joto, mtu aweza kutoka kazini na kufika nyumbani mchana. Hapa, mfanyakazi wa baskeli anayetoka saa kumi na mbili jioni ni msafiri wa usiku kila siku ya maisha yake.

Baskeli zikavuka bahari pamoja na dola, na sheria ya taa nayo ikavuka. Katika makoloni, kuendesha usiku bila taa likawa kosa la kupelekwa kortini. Mtu alijinyima miezi akanunua Raleigh, kisha akatakiwa anunue na taa, na mafuta au betri za kuiwasha. Mwanga ukawa kama kodi nyingine.

Ndiyo maana dainamo ilipendwa. Wazee wanaikumbuka vizuri: kichupa cha chuma kando ya gurudumu, unakibana kwenye tairi, kinazunguka, taa inawaka. Volti 6, wati 3, basi. Haikuhitaji betri wala mafuta, ilihitaji miguu yako tu. Ubaya wake ni miwili. Ilifanya baskeli kuwa nzito, na zile Black Mamba zilikuwa nzito tayari. La pili ni baya zaidi: ukisimama, taa inazimika. Yaani pale unaposubiri katikati ya barabara ukate kona, wakati lori linakuja nyuma, ndipo unapotoweka gizani.

Na hapa nafika penye ugomvi wenyewe. Waingereza walibishana miaka mingi kuhusu taa nyekundu ya nyuma. Chama cha waendesha baskeli, CTC, kilipinga isiwe lazima. Hoja yake ilikuwa hivi: dereva mwenye injini aende mwendo ambao anaweza kusimama ndani ya umbali anaouona. Kumuona aliye mbele ni kazi yake. Ukimlazimisha mwenye baskeli kubeba taa ya nyuma, siku akigongwa wataanza kuuliza kuhusu taa yake kabla ya kuuliza kuhusu mwendo wa gari. Kisha vita vikaja mwaka 1939, miji ikazimwa taa kwa kuogopa ndege za Wajerumani, watu wakagongwa gizani, na hoja ile ikashindwa. Sheria ya 1945 ikafanya taa ya nyuma kuwa ya lazima moja kwa moja.

Nakiri taa ya nyuma inaokoa watu. Mimi mwenyewe sitoki bila hiyo. Lakini utabiri wa CTC umetimia, tena hapa kwetu. Sikiliza watu wakisimulia ajali ya usiku: "Hakuwa na taa." Sentensi hiyo inafunga kesi. Muuza mkate wa alfajiri, askari wa lindo anayerudi Likoni, wote wamebebeshwa kazi ya kuonekana, na dereva aliyekuwa akisoma simu yake haulizwi alikuwa anaona nini.

Walau bei imeshuka. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alitoa taa ndogo ya LED ya buluu yenye nguvu; ukiifunika kwa unga maalumu wa manjano unapata nyeupe. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka huohuo kiwanda cha betri cha Eveready cha Nakuru, kilichoanza 1967, kilifungwa. Enzi moja iliondoka, nyingine ikaingia, na leo taa unaichaji kwa waya wa simu.

Sasa shida ni kuchagua. Fundi mmoja wa Makadara nilimwuliza, "Ami, ipi ndiyo nzuri?" Akanijibu kwa swali: "Wataka kuona ama wataka kuonekana?"

Basi, chagua kwa njia yako. Mama Ngina kuna taa za barabarani. Pale taa ndogo nyeupe mbele na nyekundu nyuma zatosha. Mji wa Kale njia ni nyembamba na watu wamekaa barazani, kwa hiyo taa kali ni utovu wa adabu: ielekeze chini na utumie kengele. Ukivuka feri kuelekea kusini, kwenye vipande vya giza, hapo tafuta ya kumulika. Usidanganywe na namba ya lumeni kwenye boksi; hiyo yahesabu mwanga wote, hata unaopotea juani kwa kunguru. Tafuta taa ambayo mwanga wake umekatwa juu, kama gari lililoshusha taa, ili nuru ianguke barabarani badala ya machoni mwa anayekuja.

Na dereva wa usiku, wewe pia una taa, tena mbili kubwa. Ziliwekwa ili uone. Ukikuta kijana hana yake, mpe nafasi apite.