Saa 24 za Bermuda

Februari 1996, viongozi wa maabara kubwa zilizokuwa zikisoma jenomu ya binadamu walikutana Bermuda wakakubaliana jambo ambalo wanasayansi wa fani nyingine wangeliona wazimu: kipande chochote cha DNA kilichounganishwa na kuvuka herufi 1,000 kiwekwe hadharani ndani ya saa 24, kabla mwenye kazi hajaandika makala yake. Wazo hilo halikuzuka siku ile. John Sulston wa Cambridge na Bob Waterston wa St. Louis walikuwa wakigawana data waziwazi katika utafiti wa mnyoo mdogo, C. elegans, ambaye mwaka 1998 akawa mnyama wa kwanza kusomwa jenomu yake, takriban herufi milioni 97. Wengi husifu wema wa watu hao, na kweli walikuwa nao. Lakini kanuni ilidumu kwa sababu kazi yenyewe iliidai. Jenomu haisomwi nzima. Husomwa vipandevipande, na kipande hakijulikani mahali pake mpaka wapatikane majirani zake. Anayeficha chake anajinyima mwenyewe.

Ushahidi ulionekana mwaka 2000. Kampuni ya Celera, chini ya Craig Venter, ilikuwa imepanga kuwauzia watafiti fursa ya kuiona jenomu ya binadamu. Mradi wa umma, wa maabara zile za Bermuda, ulikuwa na vipande karibu 400,000 bila programu ya kuvipanga. Jim Kent, mwanafunzi wa Santa Cruz, California, aliiandika kwa takriban mwezi mmoja, na Julai 7 jenomu ikawekwa kwenye intaneti, bure. Asingeweza kupanga vipande vilivyofungiwa.

Faida ya data wazi huvuka mipaka ya spishi. Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, pamoja na wenzake wa Marekani, walichapisha jenomu ya twiga. Ili kuielewa walihitaji kuilinganisha na za wanyama wengine, na ya ng'ombe ilikuwa tayari wazi kwa kila mtu.

Mtafiti atauliza: je, aliyetoa jasho hatatanguliwa na mpita njia kuchapisha? Hoja ni ya haki. Mkutano wa Fort Lauderdale, mwaka 2003, uliijibu kwa kuwapa watumiaji wa data wajibu wa kuheshimu nia ya waliozizalisha, ingawa heshima haina mahakama.

Pingamizi zito zaidi ni la nchi zenye viumbe. Mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za samaki watano wa Afrika, mmoja wao Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Samaki ni wetu, lakini mashine zilizowasoma zilikuwa Marekani. Itifaki ya Nagoya ya 2010, kuhusu kugawana faida zitokanazo na viumbe, inalinda sampuli, ila herufi zikishaingia kwenye kanzidata, sampuli haihitajiki tena. Wako wanaotaka milango ifungwe. Sikubaliani nao: kampuni tajiri itasoma samaki wake yenyewe, na wa kwanza kubaki nje atakuwa mtafiti wa Arusha. Dai lenye nguvu ni kutoza faida na kuacha usomaji bure. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unafuata njia hiyo kwa kuzitaka kampuni kubwa zinazofaidika na data hizi zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Kasoro yake ni kwamba mchango huo, hadi sasa, ni wa hiari.