Nusu Kaputi

Wajerumani waliitawala nchi hii kwa miaka isiyofika 35, wakaondoka, wakatuachia maneno. Shule ni lao. Kaputi nalo ni lao, kutoka kaputt, yaani kuharibika au kwisha kabisa. Waswahili tukalipokea, tukalitanguliza nusu, tukapata jina la usingizi wa chumba cha upasuaji: nusu kaputi. Aliyepewa si mzima, si maiti.

Lakini nusu ipi? Kwa mgonjwa ambaye mapigo ya moyo wake yanakwenda ovyo, swali hili si la kamusi. Tiba mojawapo ni kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, kutafuta mahali penye hitilafu ya umeme, kisha kupachoma. Je, mgonjwa alazwe kabisa, mashine impumulie? Au apewe dawa ya kumtuliza tu, asinzie huku akipumua mwenyewe?

Jibu limebadilika mara kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Melvin Scheinman wa San Francisco na wenzake walipoanza kuchoma moyo kwa waya, walitumia shoti kali ya umeme. Hakuna ambaye angeivumilia akiwa macho, hivyo mgonjwa alilazwa. Miaka michache baadaye yalikuja mawimbi ya redio, yanayochoma taratibu, na kusinzia kukatosha. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba aina moja ya mapigo ovyo mara nyingi huanzia kwenye mishipa itokayo mapafuni. Kazi ikawa ya saa nyingi, tena ya kulenga padogo. Mgonjwa akijigeuza, ramani ya moyo wake inavurugika. Madaktari wengi wakarudia usingizi kamili. Siku hizi kuna mipigo mifupi ya umeme inayokaza misuli na kuleta kikohozi, nayo imezidi kuwasukuma huko.

Hata hivyo usingizi kamili una gharama. Hushusha shinikizo la damu, na wakati mwingine huyatuliza mapigo yaleyale ambayo daktari anayatafuta. Kusinzia nako kuna hatari yake: ulimi hulegea, njia ya hewa huziba, na huenda asigundue mtu kwa kuwa macho yote yako kwenye skrini ya moyo.

Hapo ndipo historia ya Moshi inapotufaa. Hospitali ya KCMC, chini ya mlima, ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya Marekani kuidhinisha ketamini. Dawa hiyo ilienea katika hospitali za Afrika kwa sababu haidai mashine kubwa: kidogo hutuliza, kingi hulaza, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua. Kwa moyo unaokimbia si rafiki sana, maana huongeza mapigo. Nchini Tanzania, kwa miongo mingi, walioishika sindano hiyo hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, mmoja kichwani pa mgonjwa, mkono kwenye mshipa, jicho kwenye kifua kinachopanda na kushuka. Upasuaji mwingi ulisimama juu ya mtu huyo, naye ni nadra kutajwa.

Leo, mtu wa Machame au Marangu mwenye hitilafu ya umeme wa moyo anaweza kupewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Akiambiwa atapewa nusu kaputi, neno hilo halimwambii kama atalazwa au atasinzia, wala kama atasikia joto kifuani. Ana haki ya kuuliza yote mawili kabla ya kutia sahihi. Na aongeze la tatu, ambalo wale wauguzi wangelielewa mara moja: wakati daktari anautazama moyo wangu, nani atakuwa anatazama pumzi yangu, na hiyo ndiyo kazi yake pekee?