Kabla Ubonyeze "Accept": Maneno ya Benki Yalitufikia Vipi?

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka nilioacha campo nilikuwa naishi SQ huku Muthangari, nyuma ya maghorofa ya wenye pesa. Nikakopa 3,000 kwa app fulani. Masharti yalikuwa marefu, yote Kizungu. Nikashuka mpaka chini, nikabonyeza "Accept".

Kulikuwa na neno "rollover". Mimi nilijua rollover ya bundles: haujamaliza data, unasongeshewa. Nikadhani ni ofa. Kumbe ilimaanisha ukichelewa kulipa, deni linasongeshwa mbele na ada mpya inakaa juu yake. Baada ya miezi miwili nilikuwa nadaiwa karibu mara mbili, na jina langu liko CRB.

Swali lililonibaki ni hili: mbona pesa tunaiita kwa Kiswahili, lakini deni letu limeandikwa Kizungu?

Jibu linaanzia Pwani. Kabla benki ya Mwingereza ifike huku, Waswahili walikuwa na maneno yao ya biashara: deni, riba, dhamana, rehani, hawala. Hayo yalitoka Kiarabu. "Pesa" na "hundi" zilivuka bahari kutoka India. Na maneno hayo yalifanya kazi. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, alikuwa akichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, halafu analipa akirudi kutoka bara. Biashara yenyewe ilikuwa chafu, hilo tusilifiche. Lakini usidanganywe eti Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya mikopo. Kilibeba, tena mikubwa.

Halafu benki zikaja. National Bank of India ilifungua Zanzibar 1892, Mombasa 1896, na Nairobi 1904. Hiyo ndiyo babu wa KCB ya leo. Standard Bank of South Africa ikaingia 1911. Wateja wao walikuwa serikali ya kikoloni, wafanyabiashara wakubwa na walowezi, kwa hivyo lugha ya karatasi ikawa ya hao. Rupia iliondolewa 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Waingereza mtaani kwao waliita shilingi "bob". Sisi mpaka leo tunaita bob.

Sasa rudi hapa mtaani. Mwaka 1899 mapadri Wafaransa walifungua misheni ya St Austin's hapa Muthangari, wakalima kahawa. Kahawa ikawa zao la walowezi, na mlowezi alikuwa na kitu benki inakipenda: hati ya shamba. Hiyo ndiyo "security" au "collateral", yaani mali unayoweka dhamana. Mwaka 1931 serikali hata ikaanzisha Land Bank ya kuwakopesha walowezi. Mwafrika kwa rizavu alikuwa na shamba, lakini hati yenye jina lake hakuwa nayo. Mlango wa benki ulifungwa kwa neno moja tu.

Na si benki pekee. Mwaka 1948 sheria ya kikoloni ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ilifanya iwe ngumu kumdai Mwafrika kortini deni la zaidi ya shilingi 200. Wakasema ni kumlinda. Lakini nani atakukopesha stoku ya duka kama hawezi kukudai? Hati za mashamba zilianza kutolewa kwa wingi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, wakati watu wengi walikuwa kizuizini.

Uhuru ulikuja, na 1970 ikazaliwa Kenya Commercial Bank. Wenye benki walibadilika. Lugha ya fomu haikubadilika.

Fast forward: M-Pesa 2007, M-Shwari 2012, Fuliza 2019. Majina matamu ya Kiswahili, hata shosho anaelewa. Lakini Fuliza ni nini? Ni "overdraft". Na M-Shwari ilipoanza, ulikuwa unalipa 7.5% kwa siku 30, na jina lake ni "facility fee". Kopa 1,000, lipa 75. Inaonekana kidogo. Fanya hivyo kila mwezi kwa mwaka, umelipa 900 juu ya elfu moja.

Hapa ndipo neno linauma. Mwaka 2016 Bunge liliweka kikomo kwa riba za benki, kikomo kilichodumu mpaka 2019. Benki yenye M-Shwari ikashikilia kwamba ile yake ni ada, sio riba. Kwa mfuko wako ni chapaa ile ile, lakini kwa sheria neno moja linabadilisha kila kitu.

Najua mtu atasema, si waandike tu mikataba kwa Kiswahili? Naunga mkono, maneno tunayo tangu zamani. Lakini mpaka wafanye hivyo, shika haya:

"Principal" ni pesa uliyokopa yenyewe. "Interest" ni riba. "Tenure" ni muda uliopewa kulipa. "Default" ni kushindwa kulipa kwa wakati. "Guarantor" ni mdhamini: beshte akikwama, wewe ndio utalipa. Na "rollover", hiyo mimi nimeshakulipia fee.

Sitakudanganya. Hata ningejua maneno yote, ile siku pengine ningekopa tu, juu landlord hakuwa anataka somo la historia. Lakini ningejua tarehe ya kulipa ina uzito gani, na ningemwomba mathe 500 siku moja mapema badala ya wiki moja baadaye.

Babu zetu walifungiwa nje kwa neno "security". Sisi mlango umeachwa wazi kabisa, 24/7, na ndani ni giza. Soma kwanza, ndio ubonyeze.