Kumuse, Tanzia na Jina la Marehemu

Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, maziko ya mzee wa heshima hayakamiliki bila kumuse. Siku chache baada ya mwili kuwekwa kaburini, watu huketi na kuacha uwanja wazi, na mneni aitwaye oswala kumuse huupita huku na huko, fimbo mkononi, akinena bila karatasi. Huanzia mbali: asili ya kabila, safari za mababu, koo, marika ya tohara kama Kolongolo, Maina, Chuma na Sawa, na utabiri wa Mutonyi wa Nabukelembe. Ndani ya historia hiyo ndefu marehemu hupewa mahali pake: mtoto wa nani, wa rika lipi, ameacha nini. Walio hai nao huonywa waziwazi. Manguliechi, mmoja wa waneni waliovuma sana katika sanaa hii, alisikilizwa kwa sababu ya ujuzi huo wa nasaba na matukio. Utamu wa sauti peke yake usingalitosha.

Kiswahili kina njia zake za kumwenzi aliyefariki. Mbolezi huimbwa, tanzia hutungwa, mara nyingi kwa tarbia ya mizani kumi na sita kila mshororo, yenye kibwagizo ambacho waombolezaji wanaweza kukipokea kwa pamoja. Shaaban Robert alimwombolezea mkewe katika shairi "Amina", na shairi hilo limedumu kwa sababu kiini chake ni ndoa moja mahususi na upweke wa mume mmoja.

Tanzia nyingi zisomwazo matangani hazifiki hapo. Kina cha "-ni" humvuta mtunzi kwenye "Manani" na "peponi", cha "-li" kwenye "Jalali", na beti zikishatimia, marehemu amekuwa taa iliyozimika na mti ulioanguka. Likibadilishwa jina, shairi hilohilo litamfaa jirani. Hapa ndipo kumuse inapoishinda tanzia ya kawaida. Sifa zake zina ushahidi, na wanaoweza kuusahihisha wameketi papo hapo.

Kifo cha Ken Walibora kilidhihirisha jambo hili. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Cherangany, aligongwa na matatu jijini Nairobi mnamo Aprili 2020, wakati korona ilikuwa imefunga mikusanyiko, akazikwa Trans Nzoia mbele ya watu wachache. Wasomaji wake, wengi wao wakiwa wamezuiwa nyumbani, walimwaga machozi yao kwa mashairi, magazetini na katika simu. Yapo yaliyomwita gwiji na nguli, yakaishia hapo. Lakini maisha yake yalikuwa yamejaa mambo ambayo ni yake tu. Jina lake la uandishi alilitoa katika jina la ukoo, Waliaula, kwa kuwa kwa Kiswahili "aula" ni bora. Katika Siku Njema (1996) alimsafirisha Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Miaka 24 baadaye mwandishi mwenyewe akarejeshwa kaunti hiyohiyo ya Trans Nzoia kwa safari ya mwisho. Mtunzi aliyeishika safari hiyo alikuwa tayari na kibwagizo mkononi.

Mtunzi wa Kitale au Bungoma anayeombwa ubeti wa kusomwa kaburini ana la kujifunza kwa oswala kumuse: aulize kwanza, atunge baadaye. Wazee watampa majina ya mababu na rika. Wajane na watoto watampa mazoea, kauli na vitu vya marehemu, na pengine ugomvi ambao haukusuluhishwa, ambao kuutaja au kuunyamazia kunahitaji busara. Akiwa na vitu hivyo, vina humtii, kwa kuwa majina ya watu na mahali huleta silabi zake yenyewe.

Kumuse ina mipaka yake. Hurithiwa katika koo, na kwa kawaida hutolewa kwa mzee wa kiume aliyeacha wajukuu. Kijana hafanyiwi, wala mtoto. Shairi lililoandikwa halina mipaka hiyo. Msichana wa kidato cha pili akifariki, hakuna mwenye fimbo atakayesimama kumnenea. Mwalimu wake anaweza kumtungia beti sita, zenye jina la bibi aliyemlea, kijito alichokivuka kila asubuhi kwenda shuleni, na hesabu aliyoiacha katikati ya daftari.