Kukagua hatari ya moto katika jumba kongwe la serikali

Hapa Olympic, Kibera, ninapoishi, moto ukizuka gari la zimamoto hukomea barabarani. Vichochoro havilipitishi. Ndiyo maana nikifika Lamu huitazama Ngome kwa jicho la mtu wa Kibera: gari litapita wapi?

Ngome ile ilimalizika 1821, ikawa jela hadi 1984, na sasa ni makumbusho. Jengo la kufungia watu halikujengwa ili watu watoke haraka. Basi mkaguzi na aanzie milangoni, mitungi ya kuzimia moto itafuata. Simama chumba cha mbali kabisa, tembea mpaka uwanjani, hesabu dakika, ngazi na makufuli. Uliza usiku funguo anazo nani.

Kuta za matumbawe haziwaki; boriti za mikoko na mbao ndizo kuni. Angalia nyaya za umeme zilizoongezwa baadaye, na mafaili yaliyorundikwa njiani. (Afisi moja niliyowahi kufanyia kazi, ngazi ya nyuma ndiyo iliyokuwa stoo.)

Kanuni za Kenya za 2007 kuhusu hatari ya moto kazini zinataka ukaguzi kila mwaka, na zoezi la kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Lakini jengo la urithi hulitoboi ukuta upendavyo ili kuongeza mlango. Kilichobaki ni kupunguza watu wanaoingia kwa pamoja na kuhamisha karatasi.

Maji je? Lamu bahari iko karibu. Uliza pampu na mpira wake viko wapi, na mara ya mwisho viliwashwa lini.