Ngwe, Pima na Mnyororo

Katika Kiswahili cha leo neno ngwe husikika zaidi kwa maana ya kipindi au sehemu ya kazi, kama wasemavyo watu "ngwe ya pili". Asili yake imo shambani. Ngwe ni kipande cha ardhi alichokatiwa mtu akilime; na ugwe, ambao wingi wake pia ni ngwe, ni uzi au kamba nyembamba. Ni vigumu kutoona udugu wa maneno haya: chombo cha kupimia kilikipa jina kilichopimwa. Kiebrania kimepita njia iyo hiyo, maana hebel ni kamba, na tena ni fungu la ardhi.

Vipimo vyenyewe vilitoka mwilini. Shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, yaani upana wa mikono ya mtu iliyonyoshwa huku na huku. Hata mkono haukuwa mmoja: mkono kamili uliishia ncha ya kidole cha kati, mkono konde uliishia kwenye ngumi. Mnunuzi wa kiwanja ilimpasa aulize kwanza ni mkono gani, na wa nani. Upungufu huu umedharauliwa kupita kiasi, kwani mpaka haukutegemea hesabu peke yake, bali mti, jiwe, na hasa jirani aliyejua. Huko Unguja na Pemba miti iliweza kuwa mali ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine.

Mnyororo wa Edmund Gunter, uliobuniwa Uingereza mwaka 1620, ulikuwa na viungo 100 na urefu wa futi 66, sawa na pima 11 za futi sita. Minyororo 10 ya mraba hufanya ekari. Haukujali kimo cha mshikaji, ingawa nao ulirefuka kwa kuvutwa sana.

Mwaka 1908, katika mwambao wa Kenya ya leo, sheria ya hati za ardhi ilimtaka kila mdai apeleke dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wamijikenda wengi, ambao mipaka yao ilikaa katika kumbukumbu za wazee, hawakupeleka dai lolote.

Tangu hapo kitenzi kupima kimebanwa maana. Kiwanja "kilichopimwa" ni kile chenye mawe ya mpimaji na ramani iliyoidhinishwa. Kingine chote huitwa "hakijapimwa", hata kama kamba ilipita hapo enzi za mababu.